Simba Mwenye Miguu ya Chui

Tulikuwa tumeshaanua matanga ya Shangazi Veneranda, watu wanafunga vifurushi vyao warudi makwao, ndipo mjukuu wake mmoja akanijia na simu mkononi. "Babu, hebu mwangalie huyu." Nikavaa miwani. Kwenye kioo alikuwa amelala mnyama mkubwa kuliko inavyotakiwa, ndani ya uzio wa vyuma katika bustani fulani ya wanyama huko ng'ambo. Mwili ulikuwa wa simba, na mgongoni mistari ya chui milia imefifia kama kitenge kilichofuliwa sana. Baba yake simba, mama yake chui milia, binti akanieleza. Wazungu wanawakutanisha kwa makusudi, na porini hayupo kabisa. "Bibi alikuwa anasema hata nyinyi mlikuwa na wenu, wa simba na chui. Na kwamba wewe ulimwona kwa macho yako. Au alikuwa anatutania?" Nikamrudishia simu, nikamwambia macho yangu yanatoa maji kwa sababu ya moshi. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, lakini alikuwa binti mwenye adabu, akaitia simu mfukoni.

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Biharamulo nina duka la madaftari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, kwa hiyo naenda kazini kwa kufungua mlango wa sebule. Majirani wakiniona stendi wamezoea kuuliza nani amefariki, na kwa kawaida huwa wamepatia. Safari hii nilipowaambia ni shangazi yangu wa Ngara, mmoja akasema, "Yule aliyekuwa anakuita Bibi Harusi?" Ndiye huyo. Jina hilo alinipa mwaka mmoja niliokaa kwake, na alinipa kwa haki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, nikapelekwa kwake kumsaidia shamba. Nilichomsaidia ni kulinda godoro lisiibiwe. Akipita na jembe begani alikuwa anachungulia chumbani kwangu na kuuliza, "Bibi Harusi, watakuja kukuchukua lini?"

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya wakimbizi wa Kinyarwanda kurudishwa kwao. Kambi zao zilibaki uwanda wa vumbi na visiki, lakini kambi ya Lukole ilikuwa bado imejaa Warundi, na si wachache kati yao walikuwa wametoka kambini wakawa wanaishi majumbani kwetu, wanalima, wanachimba vyoo, wanafyatua matofali. Kijiji cha Shangazi kilikuwa nyuma ya kilima, kambi ikiwa upande wa pili. Miti ya upande wa kambi ilikuwa imekwisha, na ya upande wetu ilikuwa inakwisha, hivyo kuni zilifuatwa mbali, huko ambako pori linaanza kujifunga kuelekea hifadhi ya wanyama ya Burigi. Wanawake walikwenda kwa kundi, wanaongea kwa sauti kubwa makusudi ili mnyama awasikie mapema aondoke. Mimi nilikuwa nawasikia wakiondoka, nikivuta shuka.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na chumba cha pombe, kwa sababu yeye alikuwa mpishi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu walikuja kunywa kwake mchana wakitoka shamba. Chumba changu kilitenganishwa na hicho kwa ukuta wa fito na udongo ambao haukufika juu. Mambo yote ninayoyajua kuhusu dunia niliyapata kwanza kupitia ule uwazi wa juu ya ukuta, nikiwa nimelala chali. Harufu ya ndizi mbivu na mtama uliokaangwa ilikuja pamoja na habari, kiasi kwamba hata leo nikisikia jambo la kutisha pua yangu hutafuta rubisi.

Siku habari ya mnyama ilipoanza tulikuwa tunakula. Adela, binti wa pekee wa Shangazi, aliingia jikoni, kanga imechanika, kichwani hana kitu.

"Kuni ziko wapi?" Shangazi akauliza.

"Nimemwachia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Adela akakaa chini karibu na mafiga, akachukua ndizi moja kwenye sahani yangu, akaishika bila kuila. Alisema walimkuta amelala juu ya jiwe kubwa, mchana kweupe. Kichwa cha simba, kifua cha simba, mkia wenye kishungi. Lakini alipoinuka kujinyoosha, miguu ilikuwa ya chui. Madoa kuanzia magotini mpaka juu, na tumboni pia. Wenzake wanne wa kambini waliokuwa naye waliona vilevile. Mmoja wao alitaja majina mawili kwa lugha yao, intare na ingwe, simba na chui, akawa anayarudia hivyo hivyo njia nzima hadi walipoagana.

"Mwanangu, njaa hiyo," Shangazi alisema.

"Njaa haina mkia, Mama."

Shangazi hakucheka. Alimpakulia maharage, akamwongezea kabla hajagusa ya kwanza. Nilidhani ni kwa ajili ya mnyama.

Kumbe kulikuwa na jingine, nalo nililipata kupitia ukuta siku mbili tatu baadaye. Adela alikuwa na mimba. Aliyempa mimba alikuwa Melkiadi, Mrundi aliyekuwa akiishi kwenye kibanda cha nyuma ya migomba na kulima shamba lile ambalo mimi nilipaswa kulima. Nilikuwa nampenda Melkiadi kama mtu anavyompenda anayemfanyia kazi yake. Alikuwa mrefu, mpole, ana tabia ya kunawa mikono hata kabla ya kunywa maji. Shangazi alishawakubali wote wawili. Kilichobaki ni Melkiadi kuleta pombe ya ukwe mbele ya wazee, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mume wa Shangazi alikuwa amekufa bila kuacha ndugu pale kijijini, na kaburini Kalisti, mwenyekiti wa kijiji, alisimama akasema kuanzia siku ile yeye na wazee wenzake ndio baba zake Adela. Kwa hiyo ndio waliopaswa kuipokea pombe hiyo. Na wazee wale, mwaka ule, walikuwa hawataki kusikia neno Mrundi.

Nilisikia nusu ya kesi nikiwa kitandani. Mnyama alikuwa amemchukua mbuzi wa Mwenyekiti malishoni, na chumba cha pombe kilijaa kabla jua halijapinda. Mzee Bandio ndiye aliyekuwa na maelezo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilipita juu ya ukuta bila taabu.

"Simba wa kwetu hana madoa. Chui wa kwetu hachukui mbuzi mchana. Huyu ni chotara. Vita vilipopigwa Rwanda, watu walivuka mto Kagera, na wanyama nao wakavuka. Wamefika huku hawana wenzao, wakachukua waliowakuta."

"Simba amuoe chui?" mtu mmoja akauliza. "Watalala wapi? Simba analala kwenye nyasi, chui juu ya mti."

"Ndiyo maana mtoto wao hana pa kulala. Hawezi mti, ni mzito. Kwenye nyasi simba wanamfukuza. Anakaa katikati, kwenye mawe, mahali pori linapoisha na mashamba yanapoanza. Na hapo ni wapi? Ni hapa kwetu."

Nilisikia mirija ikivuta hewa kwenye chungu kilichoisha. Kisha Mzee Bandio akamaliza, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini. "Wanyama wanatuiga. Sisi tumeanza kuchanganyika, nao wamechanganyika. Warundi walioko majumbani warudi Lukole, mtaona kama huyu mnyama hatawafuata. Na tuanzie humu humu ndani kwa Veneranda."

"Nikuongezee, Mzee?" ilikuwa sauti ya Shangazi.

"Niongezee."

"Basi nyamaza kwanza, nisimwage."

Walicheka, lakini Mwenyekiti hakucheka. Alisema Jumapili baada ya misa wazee watakaa hapo hapo, wasikilizane, na wakikubaliana Melkiadi atapelekwa kambini siku inayofuata. Hakusema kwa ubaya, na nadhani hilo ndilo lililonitisha. Kurudishwa Lukole mwaka ule halikuwa jambo la kwenda na kurudi. Ulinzi ulikuwa umekazwa, na kila wiki kulikuwa na maneno kwamba wa Lukole nao watavushwa mpaka kama wenzao. Upande wa pili wa mpaka Melkiadi alikuwa na makaburi, hakuwa na nyumba.

Jioni ile Adela alinikuta nachambua maharage, kazi pekee niliyokuwa naiweza. Akakaa, akaanza kuchambua naye. "Wewe umesoma," akasema. "Chotara wa wanyama hawa wakubwa anakaa wapi?"

Nilikuwa na kitu cha kujibu, na kijana wa kidato cha nne mwenye cha kujibu hawezi kuzuiwa. Nilimwambia kwamba kwenye maktaba ya shule kulikuwa na kitabu chenye picha: simba aliyezaa na chui milia, na chui aliyezaa na simba jike, wote huko nchi za watu.

"Wanakaa wapi?"

"Kwenye uzio. Kwenye bustani za wanyama."

"Porini?"

"Porini hakuna. Kitabu kilisema hawana pori lao."

Aliendelea kuchambua, lakini nikaona anatupa mazima na kubakiza mabovu. Nikaanza kuyaokota. Hata leo mteja akiniuliza swali la kitabu huwa namtazama kwanza tumboni, hata akiwa mwanamume.

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa na hofu bila kuipa kazi. Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni kwangu. "Bibi Harusi, vaa viatu. Unakwenda na Melkiadi mkamtazame huyo mnyama. Ukiona ni simba tu, Jumapili utasimama mbele ya wazee useme ni simba tu."

"Wataniamini mimi, Shangazi?"

"Wewe una cheti."

"Hakijatoka."

"Una soksi. Pale hakuna mwingine mwenye soksi."

Nilitafuta ugonjwa, nikakosa ulio karibu. Tuliondoka jua likiwa limeshapanda, Melkiadi mbele na panga, mimi nyuma na fimbo ambayo nilikuwa nimeichagua kwa urefu, ili kama ni kupigana, tupigane kwa mbali. Nilikuwa sijawahi kufika kule. Mashamba ya muhogo yaliisha, vikaja visiki, kisha vichaka, kisha nyasi ndefu zenye rangi ya simba, jambo ambalo naona halikuwa la lazima. Melkiadi alikuwa akisimama kila mara na kusikiliza. Nami nilisimama, nikasikiliza moyo wangu, nao ulisema turudi.

"Wakinipeleka," akasema bila kugeuka, "usimwache aende kuni na wale wanaonyamaza. Mwambie aende na waongeaji."

"Hawatakupeleka."

"Nimeshapelekwa mara mbili katika maisha yangu. Watu huwa wanasema hivyo hivyo."

Tulimwona kutoka kwenye kichuguu. Mawe yalikuwa ng'ambo ya bonde dogo, na yeye alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha jiwe, mdomo wazi, anahema. Sikuwa nimewahi kuona simba, isipokuwa kwenye picha, lakini kichwa kile hakikuhitaji utambulisho. Alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika. Akageuka ubavu kama mtu anayetafuta upande wa baridi kitandani, miguu ikatazama juu, na hapo nikayaona. Madoa. Yamefifia, ya kahawia, mapajani na tumboni pote, wazi kabisa. Sijui tulikaa pale kwa muda gani. Aliinua kichwa akatutazama. Hakunguruma wala hakuinuka. Aliangalia upande wa pori, akaangalia upande wa mashamba, akalaza kichwa tena. Nilijua mwili wangu umekimbia pale nilipogundua kwamba Melkiadi ananiita kutoka nyuma.

Miaka mingi baadaye mtu wa idara ya wanyamapori alikuja dukani kununua kalamu, nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema simba mdogo huzaliwa na madoa, na wengine hubaki nayo miguuni na tumboni hata wakishakuwa wakubwa kwa mwili, hasa majike. Yule alikuwa simba jike kijana, pengine amefukuzwa na wenzake, ana njaa. Ama kuhusu ndoa ya simba na chui, alicheka. Alisema porini simba akimpata chui humuua, hawana mazungumzo mengine. Hakukuwa na chotara yeyote, wala mnyama aliyemwiga mtu. Nilimpa zile kalamu bure na nikafunga duka mapema. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua nilichokiona. Nilifika nyumbani bila fimbo na bila kiatu kimoja, nikamkuta Shangazi anamenya ndizi, nikamwambia ukweli wangu.

"Shikamoo Shangazi. Ni chotara."

Aliacha kumenya. "Una hakika?"

"Simba juu, chui chini. Nimeona kama ninavyokuona."

Alimtazama Melkiadi. Melkiadi aliinamisha kichwa. Shangazi akaimenya ndizi ile mpaka mwisho, kisha akatupa ganda la ndizi kwenye kapu. "Basi Jumapili wewe huna la kusema. Utabeba mirija tu. Melkiadi, zile ndizi zako ulizofukia zimeiva?"

"Zimeiva, Mama."

"Zikamue leo. Kwa mikono yako, mtu mwingine asiguse."

Nilielewa taratibu, kama kawaida yangu. Melkiadi alielewa mara moja, na hakupenda. Kwao na kwetu desturi hiyo ni moja. Chungu cha pombe kikiwekwa mbele ya wazee, mkubwa wa kikao hagusi mrija kabla hajauliza: pombe hii imetoka kwa nani? Akishaambiwa na akanywa, amempokea aliyeileta, pamoja na maneno yake. Ikiwa imetoka kwa mchumba, basi aliyeileta amekuwa mkwe, na mkwe hafukuzwi. Lakini kwa Shangazi watu walikuwa wamezoea. Walikuja kila siku, wakanywa kila siku, na pombe siku zote ilikuwa ya Veneranda. Swali lilikuwa limewatoka mdomoni, na Shangazi alikusudia wanywe kwanza, aseme baadaye.

"Mama," Melkiadi alisema, amesimama ndani ya gogo lililochongwa, anakanyaga ndizi na nyasi, maji yanatoka ya njano kati ya vidole vyake. "Kuwanywesha watu hawajui, hiyo ni ndoa au ni mtego?"

"Nani amesema hawajui? Desturi wanaijua. Mdomo wanao. Wao ndio waulize."

"Na wakiuliza?"

"Nitawajibu, na watakataa, na wewe utakwenda Lukole. Kanyaga."

Adela alikuwa amekaa kwenye kizingiti. "Mimi nataka waulize," akasema. Sote tukamgeukia. "Nataka waulize na wakubali. Sitaki mtoto wangu aambiwe baba yake aliingia kwa kupitia tumbo la Mzee Bandio."

"Mwanangu, ameshaingia," Shangazi akasema, na hata Melkiadi alicheka, lakini nilikuwa naona wanavyoangalia jua, wote watatu, wakihesabu kimoyomoyo kama rubisi itawahi kuchacha.

Jumapili sikula. Wazee walikuja moja kwa moja kutoka kanisani na mashati yao ya misa, wakajaza benchi zote za chumba cha pombe. Melkiadi alikaa nje karibu na mlango, kama anavyopaswa kukaa mchumba, na kama anavyokaa mshtakiwa pia, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Shangazi na Adela walileta chungu wakakiweka katikati. Nikagawa mirija. Mirija miwili ikaniponyoka, hata Mzee Bandio akasema, "Huyu kijana amemwona yule mnyama," na ilikuwa kweli, kwa hiyo sikuweza hata kukana. Mwenyekiti Kalisti alishika mrija wake. Akaufikisha karibu na mdomo, akasimama. Nikamwona Adela anashika ukingo wa mlango. Lakini Mwenyekiti alikuwa amesimama ili aseme kwamba asubuhi ile, njiani kwenda misa, ameona nyayo karibu na kisima.

Basi, hapo wote wakaanza kusema kwa pamoja. Nyayo zilikuwa kubwa kiasi gani, zenye kucha au bila kucha, zilielekea wapi. Midomo ilikauka kwa hofu, na mdomo mkavu una njia yake. Mwenyekiti akavuta. Mzee Bandio akavuta mara mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema. Mirija yote ikaingia chunguni. Wakanywa huku wakigawana nyayo za simba na kucha za chui, mpaka Shangazi, aliyekuwa amesimama ukutani mikono ameifunga, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mwenyekiti, leo hujauliza."

"Kuuliza nini?"

"Pombe imetoka kwa nani."

Mwenyekiti aliutoa mrija mdomoni polepole, akaitazama ncha yake. Mtu mmoja aliacha kumeza katikati, akakohoa. "Imetoka kwa nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwa Melkiadi. Ndizi kalima yeye, kafukia yeye, kakamua yeye. Anamtaka binti yenu Adela, ambaye nyinyi ni baba zake. Na mnajua vizuri kwamba hatamwacha, kwa sababu tayari wana la kuwaunganisha."

Mzee Bandio alisema pombe iliyonywewa bila kujua haihesabiwi. Mwingine akasema inahesabiwa, babu yake alipata mke wa pili hivyo hivyo. Mzee Bandio akasema huyo babu alikuwa mlevi. Wakabishana mpaka povu likakauka chunguni. Mwenyekiti aliweka mrija wake juu ya ukingo wa chungu, akachukua kofia yake ya misa, akapita mbele ya Melkiadi bila kumtazama, akaenda zake. Bila yeye, wengine hawakuwa na la kuamua. Wakaondoka mmoja mmoja.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kabla, maana sasa tulikuwa tunasubiri mtu mmoja, na mtu huyo hakupita kwetu. Pombe ya Shangazi ilibaki. Adela alianza kufunga na kufungua kifurushi cha nguo za Melkiadi, anazikunja, anazikunjua. Shangazi akaacha kuniita Bibi Harusi, na nikagundua kwamba jina likitoka ndipo unajua mambo ni mazito. Nililala nikiangalia uwazi wa juu ya ukuta, na chumba cha pili hakikutoa sauti.

Lori lilikuja siku ya soko, asubuhi. Halikutumwa na wazee. Lilikuwa agizo la juu: Warundi wote wanaoishi vijijini wakusanywe, warudishwe Lukole. Tulilisikia likipanda kilima, likizima, likiwaka tena, nyumba hadi nyumba, na kila lilipozima kulikuwa na mtoto anayelia. Nilikuwa jikoni, nimejibanza nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa. Melkiadi hakukimbia. Alikuwa anapalilia migomba mbele ya nyumba, akaendelea kupalilia, isipokuwa jembe lilikuwa linapiga mahali pale pale. Adela alisimama karibu yake, tumbo sasa linaonekana. Waliingia uani askari wawili na afisa mmoja kijana mwenye lafudhi ya pwani, na mbele yao, akiwaongoza kama ilivyompasa, Mwenyekiti Kalisti.

"Shikamoo mama," afisa akamwambia Shangazi.

"Marahaba."

"Hapa wapo wangapi?"

Shangazi alimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akawa anatazama migomba.

"Yule anayelima ni nani?" afisa akamuuliza Mwenyekiti. "Tumeambiwa huku kuna Mrundi kwa mama muuza pombe."

Nilijikuta nimetoka nyuma ya mlango. Nilikuwa uani, peku, sufuria mkononi, na hakuna aliyenishangaa.

"Yule ni mkwe wetu," Mwenyekiti akasema.

"Mkwe wa kutoka wapi?"

"Wa hapa. Nimekunywa pombe yake. Na yule mzee unayemwona barabarani pale, naye amekunywa, mwulize." Barabarani alikuwa amesimama Mzee Bandio, na ilionekana kama kichwa chake kilikuwa kinatafuta pa kwenda, lakini mwishowe kikainama, kikainuka. Ilitosha.

Afisa alimtazama Melkiadi, akaitazama mimba, akamtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyopenda Mwenyekiti. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Na yule mnyama chotara mnayemsema kule tarafani? Nusu simba, nusu chui?"

"Huyo ni simba tu," Mwenyekiti akasema. "Wa kawaida."

Lori liliondoka na watu wengi siku ile, na wengine nilikuwa nimekula nao. Tulilisikia mpaka likavuka kilima. Adela alikaa chini pale pale kwenye udongo uliopaliliwa. Shangazi aliingia ndani na hakutoka kwa muda. Mwenyekiti alibaki amesimama uani, ameshika kofia, kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini. Melkiadi aliweka jembe, akanawa mikono kwenye ndoo, akaenda akasimama mbele yake na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Zizi langu limeanguka upande wa porini," Mwenyekiti akasema hatimaye. "Na yule mnyama bado yuko, usisikilize niliyomwambia yule afisa. Kesho asubuhi uje na panga."

"Nitakuja, Baba," Melkiadi akasema.

"Uje mapema. Mkwe hasubiriwi."